Siku tatu tu



Benni McCarthy alipokabidhiwa Harambee Stars Machi 2025, hapa Lanet tulishangilia. Mechi yake ya kwanza tukatoka sare ya 3-3 na Gambia, tukasema kocha tumepata. Siku tatu baadaye Gabon wakatufunga 2-1 Nyayo. Kesho yake, kwa kinyozi, mimi mchungaji wako nilikuwa wa kwanza kusema, "Huyu hatufai."

Siku tatu! Soma Kutoka 15. Israeli waliimba baharini, na baada ya siku tatu jangwani wakamnung'unikia Musa.

Jioni hiyo mezani kwangu kulikuwa na barua ya kumwondoa kijana anayeongoza sifa kanisani. Alikuwa amekosea Jumapili mbili tu. Niliichana.

Agosti, kwenye CHAN, vijana wa McCarthy waliifunga Morocco 1-0 Kasarani, nikapiga vigelegele. Lakini hata wangeshindwa, bado ningekuwa nimemhukumu mtu mapema.

Wewe umemwandikia nani barua moyoni? Mkweo? Mwalimu mpya wa mtoto? Kabla hujalala leo, mtaje kwa jina mbele za Bwana, kisha uichane.

Amina.