Chui Hana Ndugu

Vijana wenzangu mnaotaka kuwa waandishi, leo nawaomba tuwatazame wachoraji, hasa hawa wa miji yetu midogo.

Mchoraji akitaka kula katika miji kama Handeni na Korogwe, hachagui kazi. Asubuhi anaandika kibao cha saluni, jioni anachora sura ya mtu kutoka kwenye picha ndogo ya kitambulisho. Kibao kinalipa haraka. Sura inasumbua, lakini ndiyo inayomjengea jina, maana inatundikwa sebuleni na kila mgeni anauliza: nani kachora?

Edward Saidi Tingatinga naye alipita mkoa huu wetu wa Tanga. Mzaliwa huyo wa Tunduru alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kabla ya kwenda Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi za baiskeli. Alifariki 1972. Miaka minne tu, na jina lake likawa jina la mtindo mzima! Namheshimu sana. Lakini sifa zake zilitokana zaidi na wanyama, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Chui wa Tingatinga hana ndugu wa kuja kulalamika.

Sura ya mtu ina ndugu. Siku moja nilikuwepo Manundu, pale Korogwe, mama mmoja alipokuja kuchukua picha ya marehemu mumewe. Mimi niliiona safi kabisa. Mama akaitazama, akanyamaza, halafu akasema, "Fundi, shati zuri. Ila huyu siye baba watoto." Jamaa hakubishana. Akauliza tu, "Alikuwa akicheka vipi, mama?" Mama akamwonyesha kwa mdomo wake mwenyewe, machozi yakimlenga. Fundi akaufuta mdomo aliouchora, akaanza upya, bila kuongeza bei.

Mimi, mhitimu wa kidato cha nne, nahangaika na riwaya yangu ya kwanza. Rahisi ni kuandika majambazi wa jiji nisilolijua. Hao ndio chui wangu. Kigumu ni kumwandika muuza mahindi wa Chanika, Handeni, ambaye mtaa mzima unamfahamu. Nimemchagua yeye. Mswada ukiisha nitawasomea majirani kabla sijaupeleka kwa mchapishaji yeyote. Wakisema siye, basi kazi bado.