Ufunguo wa Pili

Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo: shilingi 240,000. Shuleni kwetu hapa Mabawe ameletwa mwalimu mpya, hana pa kukaa. Tukichangia, kila mmoja atatoa 120,000. Nafundisha hisabati, hesabu hainishindi.

Kinachonishinda ni mlango. Nyumbani tulilala watoto wanne kitanda kimoja. Bwenini tulipangwa juu na chini. Chuoni nilibebwa na rafiki mwaka mzima, godoro moja, watu wawili. Hapa ndipo mahali pa kwanza ambapo ufunguo ni mmoja, nao ni wangu.

Nikampigia mama, Rulenge. Akanikumbusha Oktoba 1993, Rais Ndadaye alipouawa na Warundi wakavuka mpaka kuingia Ngara. Bibi alimpokea mwanamke mwenye mtoto mchanga.

“Mlimtoza?”

Akacheka. “Tumtoze nini? Yeye Kirundi, sisi Kihangaza, tukaelewana. Ila alikoroma, mwanangu! Na bibi yako alimwambia.”

Hakunishauri nikubali. Alisema tu, “Mwulize mapema nani atachota maji.”

Jioni nilimwita mwenzangu. Kabla ya kodi nilimweleza kuhusu maji, kisha lile lililonitia aibu: kila usiku nahitaji saa moja ya kutosemeshwa.

“Hata mimi, dada,” alisema, upesi mno, tukacheka wote.

Jumamosi nakwenda Ngara mjini kuchonga ufunguo.