Venice mchana, Padova usiku

Nimepotea kidogo, mitihani ilinibana. Basi bwana, Agosti mama anakuja. Hatujaonana miaka mitatu, tangu nije huku kusoma. Ana siku saba tu, na ndoto yake ni Venice.

Nilitaka tulale humo humo. Bei za vyumba zikanitoa jasho! Halafu nikakumbuka magoti yake: Venice hakuna magari, ni madaraja ya ngazi kila kona. Nikachagua Padova. Treni ni kama nusu saa, mjini kuna tramu, na chuo chao ni cha mwaka 1222. Galileo alifundisha hapo miaka 18. Tena tangu 2024 Venice hutoza ada wageni wa kutwa siku fulani za mwaka, kwa hiyo nilikagua kalenda kwanza.

Nikampigia kwa woga, nikijua nitamvunja moyo. Akacheka. "Mwanangu, nakuja kukuona wewe. Hayo maji nitayaona mchana."

Machozi yakanitoka, nikalipia chumba. Jioni tutakaa Prato della Valle, anipe umbea wote wa nyumbani.

Haya, narudi kwenye vitabu. Nyie wenzangu, wazazi wakija mnawalaza wapi?