Moyo Uliochafuka

Mpwa wangu alizaliwa na makengeza. Alipotimiza miaka 6 ikaamuliwa apasuliwe ili misuli ya macho irekebishwe, nami nikatakiwa niandamane na mamake, maadamu ndimi "msomi wa nyumba".

Asubuhi ya upasuaji, mtaalamu wa nusukaputi alimwuliza dada iwapo katika jamaa yupo aliyewahi kupatwa na kichefuchefu baada ya kutiwa dawa ya usingizi. Dada akatikisa kichwa. Kalamu ikaanza kupiga mstari.

Ndugu msomaji, nilitaka kunyamaza. Shahada ya fasihi yahusu nini hospitalini? Lakini niliukumbuka usiku aliopasuliwa kumzaa mtoto huyo huyo. Kwa dada, kichefuchefu ni kile cha mimba changa tu. "Dada," nikamwuliza, "ulipozinduka hukuchafukwa na moyo?"

"Ah, hilo! Nilitapika hadi alfajiri!"

Kalamu ikasita, ikafuta.

Mtaalamu akatueleza kwa upole. Misuli ya jicho ikivutwa, neva hupeleka habari ubongoni. Mapigo ya moyo huweza kupungua ghafla, na mtoto akizinduka aghalabu hutapika. (Waliosema moyo huchafuka hawakuwa mbali na ukweli!) Hatari huzidi mtoto akipita miaka 3, upasuaji ukifika nusu saa, au ikiwa yeye mwenyewe, wazazi au ndugu zake waliwahi kutapika namna hiyo. Mpwa wangu alikuwa na yote hayo, ila lile la mwisho lilikuwa karibu kufutwa na neno moja. Hivyo basi hakutosheka na dawa moja: akiisha kusinzia angetiwa mshipani ondansetroni pamoja na deksamethasoni, apewe na maji ya kutosha kwa njia iyo hiyo.

Adhuhuri mtoto alizinduka, jicho limevimba, akilia kidogo. Dada alikuwa keshafungua chupa ya uji. Muuguzi akamzuia: asilazimishwe kunywa, angoje mpaka aombe mwenyewe. Tukangoja, beseni mapajani mwa dada. Saa kumi akaomba maji. Beseni lilirudi kavu.

Kabla ya kuondoka nilimsihi mtaalamu aongeze "kuchafukwa na moyo" kwenye fomu yake. Akasema fomu huletwa zimekwisha kupigwa chapa. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi. Akakisoma mara mbili, akakitia mfukoni mwa koti.