Ngitili Nyuma ya Mgodi

Mimi ni mzaliwa wa Nyamagana, katika mji wa mawe makubwa yasiyouzika. Ndiyo maana tangu utotoni nilistaajabia habari za Mwadui, ambako vijiwe vidogo vilijenga mji mzima wenye hospitali, shule na uwanja wa ndege wake. Mwaka 1998, nikiwa mtumishi kijana, nilitumwa kuandika historia fupi ya vijiji vinavyouzunguka mgodi huo. Nilikwenda na jibu tayari: historia ilianza mwaka 1940, Mkanada John Williamson, mtaalamu wa miamba, alipogundua almasi.

Hayo ni kweli, na yafaa yafundishwe. Mwaka 1947 ilipatikana pale almasi ya rangi ya waridi, ambayo Williamson alimtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliyeolewa mwaka huo. Williamson alifariki mwaka 1958, mgodi ukawa wa ubia baina ya kampuni ya De Beers na serikali ya kikoloni. Baada ya Uhuru ulitaifishwa, na katika miaka ya 1990 De Beers wakarudi.

Nilipoliacha soko la Maganzo nyuma yangu na kuingia vijijini, niliona jambo ambalo fomu yangu haikuliwekea nafasi. Ulikuwa mwezi wa Septemba. Udongo mweusi wa mbuga ulikuwa umepasuka nyufa za kutosha kumeza mguu wa mbuzi, na kivuli kilikuwa kitu cha kutafutwa. Wengi huiita nchi hiyo jangwa. Kwa hakika Shinyanga haikuumbwa jangwa. Ilikuwa na miombo na migunga. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwahimiza watu kufyeka mapori ili kuwatokomeza mbung'o. Yakafuata mashamba ya pamba, kuni, na makundi ya ng'ombe yaliyozidi uwezo wa malisho.

Bibi kizee mmoja alinikaribisha chini ya mbuyu. Baada ya "mwangaluka" na habari za nyumbani, nilimwuliza kijiji chao kilianza lini; na kabla hajajibu, nikamtajia mwaka 1940. (Hiyo ndiyo tabia yetu sisi wenye fomu.)

"Hiyo ni historia ya ua wa waya, mwanangu," alisema. "Njoo nikuonyeshe yetu."

Alinipeleka kwenye ngitili ya ukoo wao: eneo linalofungwa wakati wa mvua, mifugo isiingie, majani yakue, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokaza. Mle ndani majani makavu yalinifika kiunoni. Alinitajia miti ya dawa, kisha akanieleza jinsi aliyevunja mwiko wa ngitili anavyoshtakiwa mbele ya dagashida, baraza la wanakijiji wote, na kutozwa faini. Ilikuwa sheria kamili, isiyoandikwa popote.

Desturi hiyo ilikuwa karibu kutoweka. Mwaka 1986 serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, wataalamu waliona busara kuanzia kwenye ngitili badala ya kuleta jambo geni. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimeenea katika mamia ya vijiji vya mkoa huo.

Niliandika kurasa mbili juu ya ngitili. Mkubwa wangu wa kazi alizikata kwa wino mwekundu, akisema hizo ni habari za mifugo, wala si historia. Taarifa ikachapwa ikianza na mwaka 1940.

Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka, na tope likafunika nyumba, mashamba na malisho ya majirani. Jioni nilipopata habari hizo nilifungua sanduku langu la karatasi, nikazitafuta zile kurasa mbili, nikasoma tena majina ya miti.