Sindano na Goti

Goti ni mtumishi asiyesifiwa. Mkulima huliinamisha shambani, mwenye kusali huliweka chini mbele ya Mola wake, na mjukuu hulikalia asikiapo hadithi kwa babu yake. Mithali husema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini kwa mwenye goti bovu kuinama ni dhiki, na cha mvunguni humpita.

Mcheza mpira aangukaye akakatika kano ya ndani ya goti huhesabu hasara ya siku: maumivu, uvimbe na michezo atakayoikosa. Hasara ya miaka haimo katika hesabu yake. Wataalamu hukadiria kuwa nusu hivi ya watu waliopata jeraha la kano hiyo, au la vile vipande vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, huonekana na yabisi ya goti miaka 10 mpaka 20 baadaye. Aliyeumia akiwa na umri wa miaka 20 yamkini akatembea kwa mwendo wa mzee kabla hajatimiza 40. Wala kuitengeneza kano kwa kisu hakumwekei dhamana. Goti huimarika, na ugonjwa huweza kuja vile vile.

Sababu yake ni kuwa pigo huwasha moto ndani ya kiungo. Ute wa goti hujaa vichocheo vya uvimbe, navyo husaidia kulila gegedu. Gegedu halina mishipa ya damu ya kulilisha, na likiliwa haliwi tena kama lilivyokuwa. William Hunter aliyaeleza mjini London katika mwaka wa 1743 kuwa gegedu likiharibika haliponi.

Basi ikazaliwa fikira ya kuuzima moto mapema kwa sindano. Katika mwaka wa 1948 Philip Hench na wenziwe wa Mayo Clinic, Marekani, walimpa kortisoni mgonjwa wa baridi yabisi ambaye kutembea kulikuwa taabu kwake, na baada ya siku chache akaweza kutoka. Mwaka wa 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa tuzo ya Nobel. Punde Joseph Hollander wa Philadelphia akaanza kuitia dawa ya jamii hiyo ndani ya kiungo chenyewe. Maumivu yalitulia, na sindano ikasifiwa.

Lakini kutuliza si kulinda. Mwaka wa 2017 watafiti wa Boston walitangaza habari za wagonjwa 140 wa yabisi ya goti. Kwa miaka 2, kila majuma 12, kundi moja lilitiwa triamsinoloni na la pili maji ya chumvi, na mgonjwa hakujua alichopewa. Mwishowe maumivu ya makundi hayo hayakutofautiana. Ila gegedu la waliopewa dawa lilipungua kwa milimita 0.21, na la wenzao kwa milimita 0.10.

Magoti hayo yalikuwa yamekwisha kuchakaa. Goti lililoumia jana ni jambo jingine, na kwa hilo yamefanywa majaribio madogo. Moja, la mwaka wa 2012, lilitumia dawa inayozuia kichocheo kimoja cha uvimbe katika mwezi wa kwanza baada ya kano kukatika. Maumivu yalipungua kwa muda. Hayo ni matumaini, si ushahidi wa miaka 20.

Mtu aweza kuuliza: je, ni haki kumtia kijana aliyeumia maji ya chumvi, na dawa ipo chupani? Ni haki, maadamu ameelezwa na akaridhia kwa hiari. Kwani hapana ajuaye bado ni kundi lipi lililopunjwa. Dhuluma kubwa zaidi ni kuwatia maelfu dawa kwa sababu ya sifa tu, kisha gegedu lao likaisha kimya. Akubaliye kujaribiwa huenda asifaidike mwenyewe, kwa kuwa jibu huchelewa kama ugonjwa wenyewe unavyochelewa. Atakayefaidika ni mtoto ambaye leo hajaujua mpira, na shukrani ya mtoto huyo haitamfikia.