Magunia Saba

Jumatatu, 8 Julai 2024

Baridi hii! Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, Mawenzi haionekani. Mahindi ya Ngoyoni yamefika jana jioni: magunia kumi na mawili. Nilikuwa nasubiri kumi na tano. Haya. Matano ni ya nyumbani na ya Mama, hayo siyagusi hata kwa njaa ya nani. Yanabaki saba.

Nimewapima nguruwe wangu kwa futi ya cherehani. Kifua sentimita 65, urefu 70. Kifua mara kifua, mara urefu, vyote kwa mita, halafu mara 69.3: kilo 20 na kitu. Wanalingana wote sita, ila yule mwenye sikio lililochanika ndiye anayewakanyaga wenzake kihorini.

Desemba nawataka kilo 90. Watu wakishapanda kuja Krismasi, kitimoto haina bei mbaya. Ada ya shule ya mwanangu Neema ya Januari inatembea kwa miguu minne hapo bandani.

Jumatano, 10 Julai

Umeme umekatika, nimefanya hesabu kwa tochi ya simu. Kutoka 20 mpaka 90 ni kilo 70. Kila kilo ya mwili inataka chakula kama kilo tatu na robo, hapo ukiwa umelisha vizuri. Basi kila mmoja atakula si chini ya kilo 220. Sita wanafika 1,300 na zaidi. Theluthi mbili mahindi. Magunia tisa.

Tisa. Na mimi nina saba.

Nimerudia mara nyingine, labda nimekosea kujumlisha. Wapi.

Alhamisi, 11 Julai

Mama kasimama mlangoni mwa stoo. "Mama Neema, chakula cha watu unampa nguruwe?" Nimemwambia, Mama, yako yapo, matano yote. Kasema hajaulizia yake. Halafu kaondoka bila kuaga, na hiyo kwa Mama ndiyo kauli kamili.

Si kwamba hana hoja. Zamani nguruwe wa hapa alikula migomba, magimbi na machicha ya mbege, akachukua muda wake mpaka akafika. Lakini mgomba karibu wote ni maji. Anatafuna kutwa nzima, tumbo limejaa, mwili haupati kitu.

Usiku nimelitoa jedwali la chakula cha nguruwe alilotoka nalo mdogo wangu Tengeru, nakala ya kitabu cha Wamarekani cha 2012, karatasi imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Kilo moja ya mahindi, kilokalori kama 3,400, zile anazobaki nazo nguruwe baada ya kinyesi na mkojo kuchukua zao. Ukiyachoma tu kwenye chombo cha kupimia yanatoa zaidi ya 3,900. Na hizo 3,400 nazo, kazi yenyewe ya kumeng'enya inatoa joto, kwa hiyo za kuishi na kukua zinabaki kama 2,670. Pumba za ngano hazifiki 2,400 hata kabla ya kutoa hilo joto.

Yao ni ya njano, yetu meupe. Kwenye nguvu hakuna tofauti ya maana.

Jumamosi, 13 Julai

Sokoni. Baba Deo kaniona nauliza bei ya mashudu, akacheka. "Changanya pumba, mama, utafika Desemba salama." Yeye mwaka jana alilisha mahindi matupu, akajisifu mpaka kanisani. Mchinjaji alipopasua, mafuta vidole vitatu mgongoni! Mahindi yana nguvu lakini laisini yake ni gramu mbili na nusu kwa kilo, na nguruwe wa umri wa hawa anataka karibu gramu 10. Bila hiyo nyama haijengeki, na nguvu yote iliyobaki inageuka mafuta. Baba Deo anasema ilikuwa mbegu mbaya ya nguruwe.

Vumbi la dagaa: nimeomba maji kwenye kikombe, nikatia kijiko, nikakoroga. Mchanga ukatulia chini, karibu nusu. Muuzaji kaangalia pembeni. Nimenunua kwa mama wa pili yake, ghali zaidi, kikombe chake kilikuwa kisafi.

Jumanne, 16 Julai

Mashineni. "Dona au kuparaza?" Nimesema paraza, lakini badilisha chekeche, nataka ndogo kidogo. Kanung'unika. Wiki iliyopita wakati sipo Mama aliwarushia punje nzima, kesho yake kuku walikuwa wanazidonoa kwenye mavi, nzima kabisa, zinang'aa. Zimeingia mdomoni zikatoka, ada ya shule nayo ikatoka. Ila unga laini kama wa uji nao sitaki, unawapa vidonda vya tumbo.

Nimepima pumba za pale mashineni kwa mizani yake. Debe la pumba halifiki nusu ya uzito wa debe la mahindi. Watu tunanunua kwa debe! Na pumba za mashine hii si za mashine ile. Pale wanapokoboa sembe kiini kinaondoka na pumba, kwa hiyo zina mafuta, zina faida yake. Zikikaa zinachacha. Kwingine unanunua maganda na vumbi.

Ijumaa, 19 Julai

Siku mbaya.

Nimefungua gunia la chini. Limelowa. Lilikuwa sakafuni mwa lori, sijui lilipita mtoni au nani alimwaga nini, dereva hapokei simu. Kuvu ya kijani, harufu ya chumba kilichofungwa. Nimeingiza mkono mpaka kiwiko: moto ndani.

Mama kasema tulianike, nguruwe hawabagui. Baba Deo kapita, naye kasema vile vile. Hapana. Sumukuvu haiondoki kwa jua. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo, 20 wakafa. Na nguruwe mdogo ini lake halivumilii kabisa, hata asipokufa anaacha kula, anadumaa.

Nimechimba shimo nyuma ya choo nikalimwaga lote. Gunia zima la mahindi, kwenye shimo. Nimelia kidogo, peke yangu, halafu nikafukia.

Sita.

Jumapili, 21 Julai

Misa sikuisikia. Nilikuwa nagawa.

Njia ya Baba Deo: wabaki sita, pumba zizibe pengo. Watashiba, ndiyo. Nguruwe mdogo tumbo lake lina mwisho. Akijaza pumba hana pa kuweka zaidi, na kalori hazijafika. Na baridi hii ya hapa Mkuu inakula kwanza: kabla ya kuongeza gramu moja anachoma mahindi yangu apate joto. Kinachobaki juu ya hapo ndicho kinachokua. Ukipunguza nguvu kwenye chakula hupunguzi kidogo, unakata palepale kwenye faida. Desemba nitakuwa na sita wa kilo 60, wembamba, kila mnunuzi ananitajia bei ya huruma.

Wakibaki wanne: kilo 900 za chakula, 600 mahindi. Magunia sita. Yametosha kana kwamba yalipangwa.

Sitaki kuuza wawili sasa. Bei ya vitoto mwezi huu ni aibu.

Jumatano, 24 Julai

Nimeuza wawili. Kijana wa Tarakea, kaja na tenga kwenye bodaboda. Nimemzuia getini, buti zake sijui zimetoka banda gani na homa ya nguruwe haina chanjo hapa. Kaona namringia. Nimewabeba mwenyewe mpaka barabarani, wakipiga kelele mpaka majirani wakatoka.

Pesa: mashudu, dagaa, chokaa, chumvi, na matandazo. Majani makavu ya migomba ni ya bure, lakini nimenunua pia mabua, nimewajazia mpaka magotini. Joto la mabua nalilipa mara moja, la mahindi kila siku.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Wenzangu wamekwenda Njiro, mimi nipo na sepeto. Mdogo wangu katuma picha ya dume la maonyesho, refu kama kochi. Nimemjibu: uliza linakula nini, usiulize jina.

Wanne wanalala wametawanyika, hawarundikani tena. Mama kaja na ndoo ya machicha, kaiweka chini. "Kidogo tu, wasisahau kwao." Nimeipokea. Kidogo kweli.

Jumapili, 18 Agosti

Futi. Kifua 80, urefu 85. Kilo 37 na nusu, karibu 38! Nimepima upya, Neema akiwashika. Mwenye sikio lililochanika kapita 40.

Gunia la kwanza limeisha na la pili limeguswa tu. Sawasawa na daftari. Kuanzia sasa watakula zaidi kila wiki, najua, ila naiona njia.

Wifi kapiga toka Dar. Habari zimefika huko, sijui kwa nani. Anataka paja zima la Krismasi, kwa bei ya ndugu. Nimemwambia bei ya ndugu ipo, alete gunia la mahindi, na liwe kavu.